Bolti ya Tatu

Harufu ya kutu na mafuta ya taa imenipata leo dukani. Sijui kama nakumbuka sawasawa.

Baba alinunua mashua ya tanga shirika moja lilipouza mali zake, akaipandisha kwa lori kutoka ziwani hadi Tukuyu, maana babu, baba yake, alikuwa fundi chuma. Chini ya mashua kulikuwa na chuma kizito cha kuizuia isipinduke, kimeshikwa na bolti sita. Babu alichomoa mbili, nikazisugua kwa mafuta ya taa. Zilikuwa nzima.

“Zilizobaki ni ndugu zao,” akasema.

Mama alikuwa ameikagua mashua asubuhi, babu hajafika. Sasa alijificha nyuma ya migomba, khanga usoni, kwani kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye.

“Kamwambie babu, ya tatu inavuja maji ya kutu. Aichomoe.”

Babu alicheka. “Mama yako kawa fundi? Apike ndizi huko!” Ila nisimwonee: aliigonga kwa nyundo, akasikiliza. Ililia vizuri.

“Kamwambie tena,” mama akasema.

Nilifika kwenye kona, nikaogopa kuchekwa. Nikarudi, nikasema nimemwambia.

Baba akairudisha mashua ziwani; mwezi haukuisha, ikakutwa imepinduka, chuma hakipo. Baba hakuonekana.

Msibani babu alisimama upande mmoja wa ukuta, mama upande wa pili, akaniambia: “Muulize mama yako, alikutuma mara ngapi?”

Mama akajibu, akiniambia mimi: “Mwambie mara mbili.”

Babu alinitazama. Kisha akasema, “Nenda ukale, mjukuu wangu.”