437437

Nilipokuwa darasa la pili, ukame ulimaliza mbuzi wetu wote kule Eldas, na mama akatupandisha lori hadi kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Sisi ni Wakenya tangu mababu, lakini mwenye njaa hana miko. Mama aliwadanganya waandikishaji kwamba tumevuka mpaka. Nikaweka kidole kwenye mashine, nikapewa kadi ya chakula yenye namba 437437. Mvua iliponyesha tukarudi kwetu.

Kadi ilipotea, namba ikabaki kichwani. Nilipoanza kujifunza kugawanya namba kubwa, katika shule ya bweni Garissa, niliijaribu hiyo kwanza. Mbili, tatu na tano zilikataa. Saba ikaingia bila baki, kumi na moja ikaingia, kumi na tatu pia. Baadaye nilijua sababu. Ukiandika namba ya tarakimu tatu mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1001, na 1001 ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Nayo 437 ni 19 mara 23. Namba tasa zote kuanzia saba hadi ishirini na tatu zimo, isipokuwa kumi na saba. Niliihurumia hiyo kumi na saba kama mtoto aliyerukwa kwenye orodha. Niliipenda namba yangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Nilipofika miaka kumi na minane nikaenda kuomba kitambulisho, maana bila hicho chuo cha ualimu kisingenisajili. Wazee wa kamati ya kuhakiki uraia wakataka nitaje ukoo wangu. Nikataja mababu kumi na wawili bila kukwama, wakaridhika. Kisha karani akachukua alama za vidole, akaitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Namba 437437 unaijua?"

Nilitaka kukana. Lakini ningeikanaje namba niliyoijua hadi mifupa?

"Naijua."

"Basi kwetu wewe ni mkimbizi," akasema, wala si kwa ubaya. "Jina litolewe kwanza kule kambini."

Mama alikuwa ameketi nyuma yangu. "Huyu alikula unga tu, walaal, ndugu yangu," akamwambia. "Makosa ni yangu. Mimi ndiyo nilibeleka yeye."

Mwaka wa nne huu naambiwa faili linashughulikiwa. Chuo hakikuningoja. Nafundisha watoto wa majirani hesabu uani kwetu, na nina hasira, tena si kidogo.

Juzi mama alinikuta nikiigawanya namba ile ubaoni. Yeye hakusoma. Alingoja watoto waondoke.

"Hii namba ukigawa, ukigawa, mwisho si inaisha?"

"Haiishi, hooyo. Inabaki moja."

Akaitazama ile moja chini kabisa ya ubao.

"Na hiyo moja," akauliza, "hakuna mtu anaweza kufuta?"

Kifutio kilikuwa mkononi mwangu, nikakiweka chini.