Nilivyomfisha Babu kwa Mazoezi ya Kupungua

Kucheka mtacheka, najua, lakini ngojeni kwanza nimalize, maana haya ninayoyaandika hapa hata dada yangu wa Morogoro sijamsimulia, na kila nikiyakumbuka najikuta nimefunika uso kwa mikono ingawa niko peke yangu chumbani. Mimi ndiye yule kijana wa Ihumwa aliyesababisha babu yake aliliwe, achinjiwe mbuzi na achimbiwe kaburi, na wakati huo mzee wa watu yuko hospitali mjini anakunywa chai.

Yote yalianzia kwenye huu mwili wangu. Mimi ni mnene. Si ule unene wa watu kusema "ana afya", hapana, ni unene wa kuitwa Bonge tangu darasa la pili, na hata sekondari (nimemaliza kidato cha nne, tena sikufanya vibaya) walikuwa wananipanga golini kwa ajili ya kuziba nafasi tu. Ilikuwa hainisumbui. Imekuja kunisumbua siku niliyokwenda kwenye usaili wa uaskari, kazi niliyoitamani tangu mdogo, na miaka yenyewe ndiyo hii ya viwanda kuuzwa na watu kupunguzwa makazini, ukimaliza shule unaambiwa ujiajiri, ukauze mitumba, mimi nikasema sitaki mitumba, nataka gwanda. Afande akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe kijana, ukimkimbiza mwizi itakuwaje?"

"Nitamkamata, afande!"

"Utamkamata wapi? Mwizi mwenyewe atakuonea huruma, atakaa chini akusubiri."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Akaniambia nirudi mwakani nikiwa nimepunguza kilo kumi, la sivyo nisijisumbue, na kwa kuwa umri wao una kikomo, mimi nilikuwa nimebakiwa na hiyo nafasi ya mwakani na nyingine moja tu, basi.

Sasa mtu mwenye akili angeanza siku ileile. Mimi mwaka mzima nikakaa, zilipobaki wiki tatu ndiyo nikashikwa na haraka (ndivyo nilivyo, mama anasema nilizaliwa kabla mkunga hajafika). Nikapata bahati nikaona kwenye gazeti, moja ya haya magazeti mapya yanayotoka kila siku jipya, makala ya jinsi ya kupunguza mwili kwa kula kalori chache. Tatizo ni kwamba gazeti lenyewe lilikuwa limefungiwa maandazi, limelowa mafuta na limechanika nusu, kwa hiyo asubuhi niliiona vizuri, chai ya rangi bila sukari na kipande cha papai, mchana niliuona, kabichi la kuchemsha na yai moja, lakini jioni ilikwenda na mwenye maandazi. Nikaamua jioni sili kitu. Na chini kabisa paliandikwa kwamba mazoezi ya kukimbia yasipungue nusu saa bila kusimama. Mimi nikalielewa hilo kwamba ukisimama hata kidogo, mafuta yanarudi mahali pake.

Basi nikaanza. Mama akadhani naumwa, akaniwekea ugali pembeni kila siku, mimi namwachia. Baada ya wiki nikaenda kujipima kwenye mashine ya kusaga, maana ndiko kwenye mzani, nikapanda pale wanapopimia magunia, na yule kijana wa mashine akaniuliza kwa sauti ili akina mama wote wasikie, "Bonge, wewe tukusage au tukukoboe?" Lakini nilikuwa nimepungua kilo tatu! Tatu! Nilirudi nyumbani kifua mbele, njaa yenyewe sikuisikia mpaka jioni.

Kukimbia nilikuwa nakimbia alfajiri, kiza bado kipo, kwa sababu nilikuwa naona aibu watu wanione na kile kibukta. Sasa siku ya mkasa njaa iliniamsha usiku, nikageukageuka kitandani nikiota harufu ya nyama, usingizi ukaja kunipitia kumekucha, na nilipoamka jua limeshatoka. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilijisemea, nikiruka leo nimekwisha, nitakimbia hivyohivyo mchana, nitapita kando ya reli hadi upande wa mjini kisha nirudi, na nikikutana na watu sisimami. Hata awe nani, sisimami.

Inabidi mwelewe jambo moja. Babu yangu, mzee Ndahani, alikuwa amepelekwa hospitali mjini siku chache kabla kwa ajili ya presha, amekwenda na shangazi, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja habari zake, maana simu hakuna, habari inakuja na mtu. Mimi hilo nilikuwa nalijua, lakini kichwani mwangu nilikuwa na kabichi tu.

Basi ndiyo narudi, natokea upande wa mjini, nahema kama ng'ombe aliyekimbizwa, jasho limeniingia machoni linawasha, nimejifunika taulo usoni najifuta, nikapita bombani. Pale wamejaa akina mama na ndoo zao, na Bibi Tabita, ambaye ni jirani yetu na ndiye alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, amekaa juu ya ndoo yake anasubiri zamu. Akaita, "Mbukwa, mjukuu!" ambayo ndiyo salamu yetu Wagogo, na mtoto aliyelelewa lazima asimame aitikie, aulizwe habari za nyumbani, za mifugo, za mgonjwa. Nikapita. Akaita tena, "Yona! Babu yako vipi?" Nikaangalia saa, zimebaki dakika kumi na mbili. Nikapita, nikajifuta uso.

Nyuma yangu nikasikia ukelele mmoja, "Yayagwee!", ambao kwetu ni wa balaa lolote, nikadhani kuna mtu amemwaga maji.

Nyumbani sikuingia kwa sababu dakika zilikuwa hazijatimia, nikapitiliza hadi kwenye kalvati la reli, na pale dakika zilipotimia na mimi nikatimia. Dunia ikazunguka, nikaona nyota mchana kweupe, nikajilaza kivulini nipumzike kidogo tu. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshapinda.

Nikajikokota kurudi. Kabla sijafika nikasikia vilio, na nilipokunja kona ya zizi nikaona uwanja wetu umejaa watu, wanaume wamekaa kwenye magogo wamejiinamia, moto unawaka, mbuzi ametundikwa anachunwa, ndani akina mama wanalia kwa zamu. Jirani mmoja akanishika bega akaniambia, "Pole, mjukuu. Umejitahidi sana." Sikuelewa nimejitahidi nini. Mama akatoka mbio na kanga imemporomoka, akanikumbatia.

"Mwanangu, babu yako ametuacha!"

Jamani, nililia. Babu yule ndiye aliyenilipia ada, baba yangu yuko Tabora kazini, aliyenilea ni babu. Nililia mpaka nikaanguka pwaa, mtu mzima, mbele ya kijiji. Watu wakasema, ona uchungu alio nao, maskini. (Uchungu ulikuwepo, lakini na kabichi lilichangia.) Wakanimwagia maji, wakaniletea uji wa sukari kwenye kopo, nikaumaliza, wakaleta kopo la pili, nikalimaliza, halafu kiporo cha viazi, nacho nikamaliza, machozi yananitoka na mdomo unatafuna, na moyoni najilaani kwamba babu amekufa na mimi nausikia huu uji ulivyo mtamu.

Hapo akaja baba mdogo Lazaro, suruali imejaa udongo, jembe begani, akachuchumaa mbele yangu kwa upole ambao hajawahi kunionyesha.

"Yona, jikaze. Natuma watu na mkokoteni wakamchukue mzee. Tuambie tu, alikata roho saa ngapi?"

"Mimi nitajuaje, baba mdogo?"

"Si wewe uliyeleta habari?"

"Habari gani? Mimi nimewakuta mnalia!"

Vilio vya ndani vikakatika, na Bibi Tabita akachungulia mlangoni, macho mekundu.

"Yona, si ulitupita bombani unatoka mjini, unalia, umejifunika uso?"

"Bibi, lilikuwa jasho."

"Jasho la nini?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi. Ya kupungua."

"Kupungua nini?"

"Mwili, bibi."

Akawageukia wenzake kama anayetafuta mtu wa kumtafsiria. "Yaani kwenu chakula kipo, hukili, halafu unakimbia juani ili kiishe na kile ulichokula juzi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na salamu? Salamu nayo inanenepesha?"

Akaendelea, na safari hii sauti ikampanda, "Nimekulea mimi! Hujawahi kunipita bila kunisalimia hata siku moja, hata ile siku umeumwa na nge ulisimama! Nilipoona umenipita nikajua hapo hakuna kingine ila kifo!" Watu wakawa wanatikisa vichwa, na kweli, ukiwasikiliza unaona wao walikuwa sahihi, mtu aliyekuwa hana akili pale ni mmoja.

Lakini sasa ikabaki kwamba hakuna anayejua mzee ni mzima au la. Mama akawa ameshika kichwa. Baba mdogo akadandia baiskeli aende mjini mwenyewe, na hata hajafika barabarani tukamwona anarudi anaikokota, na nyuma yake anakuja mzee amevaa koti lake la mtumba, fimbo mkononi, shangazi anamfuata na beseni kichwani. Walikuwa wameruhusiwa, wakapata lifti ya lori lililokuwa linakwenda Kibaigwa kupakia mahindi. Wapo akina mama waliokimbilia nyuma ya nyumba. Babu akasimama uwanjani, akavua kofia.

"Poleni, jamani. Ni nani?"

Macho yake yakaenda kwenye ngozi ya mbuzi, ngozi nyekundu yenye baka jeupe, akaitambua.

"Lazaro. Huyu si beberu wangu?"

"Ndiye, baba."

"Amechinjwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, baba."

Babu akatafuta gogo, akakaa polepole, akatutazama mmoja mmoja, mimi nimejificha nyuma ya mama (kujificha kwenyewe, na mwili huu). Kisha akauliza, "Mmenichimbia wapi?"

"Pembeni ya marehemu mama."

"Vizuri. Ndipo nilipopataka." Akaegemeza fimbo. "Basi nileteeni maini, kabla hamjanizika."

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka huku wanalia, Bibi Tabita akamshika mkono hataki kuuachia, na ile nyama ya msiba ikaliwa kama nyama ya harusi. Mimi babu aliniita nikakaa miguuni pake, akanikatia kipande cha ini kwa mkono wake, akaniambia, "Kula. Nimesikia una njaa." Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Wazee wakanipa adhabu mbili. Ya kwanza, nifukie kaburi mwenyewe, nikafukia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ya pili, nipite nyumba kwa nyumba, kila nyumba iliyolia, niombe radhi. Mnajua kwetu ukienda kuomba radhi huondoki hivihivi. Unawekewa ugali na mlenda, na ukikataa maana yake bado una kinyongo. Nilijaribu kwa Bibi Tabita, nikamwambia bibi nina usaili wiki ijayo, nisamehe bila ugali.

"Wewe unataka nikusamehe au nisikusamehe?"

Nikanawa mikono. Na siku hiyo nilikuwa nimeshasamehewa nyumba nne. (Baba naye alishapelekewa habari kwa ile simu ya reli ya pale stesheni, akashuka kwenye treni keshokutwa yake amenyoa kipara cha msiba, akamkuta marehemu anafunga mbuzi. Na yeye ilibidi nimwombe radhi, na yeye alitaka tule pamoja.)

Usaili nilikwenda. Nilikimbia na wenzangu uwanja mzima, nikamaliza, wa mwisho lakini nimemaliza, halafu wakanipandisha kwenye mzani. Afande ni yuleyule. Akautazama mzani, akaugonga kwa kalamu akidhani umekwama, akautazama tena.

"Kijana, mwaka jana nilikwambia upunguze. Hizi kilo mbili za juu umezitoa wapi?"

Ningemwelezaje kwamba zile si kilo za ulafi, ni za msamaha, nimepewa nyumba kwa nyumba, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kuikataa? Nikasema, "Samahani, afande," nikashuka.

Imebaki nafasi moja, mwakani, na safari hii nimeanza mapema. Ila kukimbia nimeapa nakimbia na babu amekaa pale nje kwenye kiti, mahali ambapo kila mtu anamwona, na mtu mzima yeyote nitakayemkuta njiani nasimama, natoa shikamoo, naulizwa za nyumbani, za mifugo, za babu, nazijibu zote. Nusu saa yangu sasa inachukua asubuhi nzima. Mafuta kama yanataka kurudi mahali pake, na yarudi.