Mama Mkwe na Chupa ya Maziwa

Mwaka aliozaliwa binti yangu, Kitengela ilikuwa bado na nafasi. Ukisimama kwenye dirisha la jikoni la nyumba tuliyopanga, uliona uwanda mtupu hadi upande wa Kisaju, na asubuhi nyingine pundamilia watatu wanne wakila nyasi karibu na ua wa mtu kana kwamba wamealikwa. Upepo haukuwa na kitu cha kuuzuia. Ulitikisa mabati mchana kutwa na kuleta vumbi mpaka kwenye sukari. Leo pale pana ghorofa za kupangisha, na dirisha lile, kama bado lipo, linatazama ukuta. Nikipita hapo huwa napunguza mwendo. Narudiwa na harufu ya maziwa ya unga kwenye shati langu, na sura ya mama mkwe wangu akiwa mlangoni, mkoba mkononi, hataki kuingia.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji hospitalini Kajiado. Mtoto alitoka mzima na sauti yake kamili. Siku ya tatu mke wangu akaanza kuhema kama mtu aliyepanda mlima, na miguu ikamvimba. Daktari akatueleza kwamba moyo wake ulikuwa umechoshwa na ujauzito. Angelazwa wiki kadhaa, na kwa dawa ambazo angetumia, asingeweza kunyonyesha. Mtoto hakuwa na sababu ya kukaa katikati ya wagonjwa, kwa hiyo ningempeleka nyumbani.

Nesi alinionyesha jinsi ya kuchanganya maziwa. "Kijiko kimoja cha ndani ya mkebe kwa mililita thelathini za maji. Kijiko kisiwe na kilima." Nikarudia maneno yake kama mwanafunzi. Kisha nikatoka nje kwenye jua la Kajiado nikiwa na mtoto wa siku tano kifuani na mkebe kwenye mfuko, na mke wangu nimemwacha kitandani akitazama ukutani ili nisione anavyolia.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika maabara ya kiwanda kimoja cha saruji huko Athi River. Kutwa nzima nilikuwa napima, unga huu gramu kadhaa, maji haya kiasi fulani. Nilipoona ubavuni mwa mkebe kuna jedwali la umri wa mtoto na kiasi cha maziwa, moyo wangu ukatulia. Kwa umri wake jedwali lilisema mililita tisini kila mlo. Basi, ni tisini. Likizo ya wiki mbili niliyopewa ingetosha kabisa.

Maji ya kisima ya pale kwetu yalikuwa ya chumvi, yakiacha ukoko mweupe kwenye sufuria, kwa hiyo nilinunua maji ya kunywa ya mtungi, nikayachemsha, nikachemsha na chupa. Nikapima tisini kwa jicho la maabara. Mtoto akanywa hamsini, akafunga mdomo, akageuza uso ukutani.

Nilimbembeleza, nikamwimbia. Nilipopenyeza chuchu ya chupa mdomoni, akanywa kidogo kwa shingo upande, akayatapika yote shingoni mwangu. Kisha akalia saa nzima. Mlo uliofuata alimaliza tisini yote na kulilia zaidi, nami nikamnyima, maana jedwali halikusema zaidi. Akalia tena. Kufikia siku ya pili sikujua kama nalea mtoto mwenye njaa au mtoto aliyevimbiwa.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka Kakamega, baada ya kusafiri kwa basi mchana kutwa.

Inafaa nieleze. Kwetu sisi Waluhya, mama wa mke wako ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Hamshikani mikono. Hali chakula nyumbani mwako, halali chini ya paa lako, na mkikutana njiani mmoja huacha njia. Miaka minne ya ndoa nilikuwa nimezungumza naye labda mara sita, kila mara kukiwa na mtu katikati. Sasa mtu wa katikati alikuwa amelazwa Kajiado.

Alisimama kizingitini. "Mwanangu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Mama. Wanasema moyo unaanza kutulia."

"Na mtoto?"

Sikuhitaji kujibu, alikuwa anamsikia.

Mwenye ploti yetu, mama mzee kutoka Murang'a ambaye sote tulimwita Shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu, ndiye aliyetuokoa. Alikuwa na chumba kitupu, akampa mama mkwe alale huko na awe anakula kwake. Mchana mama mkwe alikuja kwangu, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango uliokuwa wazi. Hakuweza kupokea mtoto kutoka mikononi mwangu. Tulivyofanya ni hivi: nilimlaza mtoto kwenye kochi, nikarudi nyuma hadi jikoni, naye akainuka, akamchukua. Akimaliza anamlaza pale pale, anarudi kwenye kigoda. Sijui kochi lile lilifanya kazi hiyo mara ngapi.

Hatukuelewana. Mimi niliamini jedwali, na yeye, aliyelea watoto saba kwa ziwa lake, hakuwa amewahi kuona maziwa yakipimwa kwa mistari. Kila kilio kwake kilikuwa njaa.

"Hii mtoto haijashiba," alisema akitazama sakafu, kama kawaida yake akiongea nami. "Hayo maziwa ni maji tu. Tupike uji, mwepesi."

"Mama, daktari alikataa uji."

"Daktari hayuko hapa kusikia."

Shosho naye alipendekeza maziwa ya ng'ombe, tena akaja nayo kwenye kikombe. Nikashukuru, nikayatia kwenye chai. Mama mkwe hakupika uji, lakini nilipokuwa nikitoka kwenda dukani alimwongezea mtoto chupa juu ya chupa, na nikirudi nakuta kitambaa kimelowa matapishi na wote wawili wamechoka. Mimi nami nilimlazimisha amalize. Kwa hiyo mmoja alishindilia kwa huruma na mwingine kwa hesabu, na mtoto akatapika kwa wote.

Siku moja, asubuhi hivi, mtoto akiwa amefikisha karibu wiki mbili, nilimlaza chali mapajani. Alikuwa ameacha mililita ishirini na tano. Nilichoka, nilikuwa na hasira ya kijinga, nikajiambia leo anamaliza. Nikaisukuma chupa. Akameza, akameza tena, kisha akanyamaza ghafla. Maziwa yakamtoka puani. Macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi, na mimi nikabaki nimemshika tu, sijui mikono yangu ni ya nini.

Sikumwona mama mkwe akiinuka. Nilihisi tu vidole vyake vikipita juu ya vyangu, vikavu na vyenye nguvu, vikimnyakua mtoto. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara moja, mara mbili, nne. Donge la maziwa likatoka, na mtoto akalia kilio ambacho sijawahi kukifurahia tena kama siku ile.

Tulisimama karibu sana katikati ya sebule. Nilitaka kuomba msamaha, kwa mtoto na kwa mkono, sijui kwa kipi kwanza.

"Chukua begi lake," alisema, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Tunaenda Kajiado. Saa hii."

Katika basi tulikaa viti mbalimbali, mimi mbele, yeye nyuma na mtoto. Hakuna aliyejua kwamba tuko pamoja.

Nesi wa kliniki ya watoto alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye shanga nyembamba chini ya kola ya sare. Akamsalimia mama mkwe kwa Kimaasai, "Takwenya, koko." Mama mkwe akasema hajui lugha hiyo, ila kama koko ni nyanya, kwao ni kukhu. "Ni karibu moja tu," nesi akacheka. Kisha akasikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu, akaridhika, akamweka kwenye mizani. Akalinganisha na kadi.

"Amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa, na amepita kidogo. Nepi ngapi zinalowa kwa siku?"

"Saba," nikasema.

"Nane," mama mkwe akasema.

"Sasa njaa iko wapi? Huyu anashiba. Ni nyinyi hamjashiba." Akaniangalia. "Hebu mpe maziwa vile humpa nyumbani."

Nikamlaza chali, nikainua chupa. Hakuniacha nifike mbali. Akaniambia nimkalishe, kichwa juu ya mkono wangu, chupa iinamishwe kidogo tu ili maziwa yasimwagike kooni yenyewe. Baada ya muda akasema, "Toa. Mpumzishe." Akampigapiga mgongo mpaka akacheua hewa. Mtoto akaendelea, kisha akasukuma chuchu kwa ulimi.

"Amekuambia nini?"

"Sijui."

"Amesema basi."

"Lakini jedwali linasema tisini, na bado kuna thelathini na tano."

"Aliyeandika jedwali hajaona mtoto wako. Hiyo ni ya kuanzia tu. Unga na maji usibadilishe hata kidogo, usizidishe, usipunguze. Lakini mwenye kujua tumbo lake ni yeye. Leo asubuhi hamsini, mchana mia. Akimaliza na bado anatafuta, mwongeze kidogo. Kwani wewe unakula sawa kila siku?"

"Na uji mwepesi?" mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo.

"Koko, uji ungoje miezi sita. Na si kila kilio ni njaa. Wengine wanataka kubebwa tu." Kisha akawa makini, akatutazama sote wawili. Mtoto akikataa kunywa kabisa, akilegea, au nepi zikikaa kavu, tusingoje kesho. Tumlete siku hiyo hiyo.

Kutoka hapo tukaenda wodini. Mke wangu aliletwa barazani kwa kiti cha magurudumu, amekonda, kitambaa kichwani. Mama mkwe alikuwa amembeba mtoto. Alitaka kumfunga mwanawe leso vizuri, akageuka na kunipa mtoto moja kwa moja mikononi. Mke wangu aliona. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Mama! Umempa mkononi?"

"Alipaliwa," mama yake akasema. "Ningengoja amweke kwenye kiti kwanza?"

Mke wangu akaanza kucheka, akashika kifua kwa sababu kucheka kulimuuma, na katikati ya kicheko akalia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kwa upendo, ingawa wakati ule niliona tu uchovu. Kazini waliniongezea siku. Mama mkwe aliacha kigoda cha mlangoni, akaketi kwenye kochi upande wa pili, na tukawa tunamsoma mtoto pamoja. Yeye ndiye aliyegundua habari ya mikono. Mtoto akiwa na njaa alikunja ngumi na kuzipeleka mdomoni, na hapo ndipo pa kuandaa chupa, kabla kilio hakijaanza. Akishiba vidole vilifunguka kimoja kimoja. "Baba, amefungua mikono," angeniambia, nami ningeitoa chupa hata ikiwa na nusu. Maziwa yaliyobaki tulimwaga. Mama mkwe hakupenda kumwaga maziwa; kila mara aliguna kidogo. Kilio cha mtoto hakikuisha. Jioni alikuwa na saa yake ya kulalamika, tukambeba kwa zamu na kutembea naye kwenye korido, na nikajifunza kutomtilia chupa mdomoni kila alipofungua mdomo. Katika kupeana zamu hizo mama mkwe alinisimulia utoto wa mke wangu, mambo ambayo mke mwenyewe hakuwa amenieleza.

Mke wangu alirudi mtoto akiwa na wiki tano. Aliketi kitandani, akamchukua, akauliza, "Anakunywa ngapi?" Tukajibu kwa pamoja, mimi na mama yake, kila mmoja jibu lake, tukaanza kumweleza habari ya ngumi, na kumkalisha, na kuinamisha chupa. Tulikuwa na furaha ya kujua. Sikuona uso wake ukibadilika mpaka aliposema, "Kumbe mimi ndiye mgeni wake."

Mama mkwe akaweka chupa iliyotengenezwa kando ya mwanawe, akanigusa mkono. "Twende nje."

Tuliketi kwenye ngazi, upepo ukitupiga usoni. Ndani mtoto alilia. Nikataka kuinuka.

"Kaa," akasema. "Watajuana."

Alilia kwa muda uliokuwa mrefu sana kwangu. Kisha akanyamaza, tukasikia mke wangu akiongea taratibu, akimwuliza mtoto maswali na kujijibu. Alipotuita, chupa ilikuwa na maziwa kidogo chini na hakuna aliyesoma mstari. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, viganja wazi.

Baadaye wazee wa kwao walisema mkono ule ulionigusa hauwezi kuachwa hivi hivi. Nilipeleka mbuzi na blanketi, mama mkwe akafunikwa blanketi mbele ya watu, na tangu siku hiyo tunasalimiana kwa mikono na anakula mezani kwangu. Mke wangu alichukua mwaka mzima kupata nguvu, na bado anaenda Kajiado kupimwa moyo. Hatukupata mtoto mwingine, daktari alitushauri hivyo. Binti yetu sasa anavaa viatu vikubwa kuliko vya mama yake.

Mama mkwe hasafiri tena, magoti yamekataa. Mwezi wa nane tulipomtembelea, alimshika mjukuu wake mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kwa muda. Binti yangu akauliza anatafuta nini humo. Bibi yake akasema hatafuti kitu, anaangalia tu.