Nilijiunga na grupu la kupinga feminist hapa Kampala, mpaka siku admin aliponiomba nimsaidie kuomba msamaha

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, kwa hiyo mtanivumilia kwenye mpangilio. Hii sio chai ya kutunga. Nimebadilisha majina kwa heshima ya watu, yaliyobaki yote yalitokea na mimi nilikuwepo.

Najua jukwaa hili lina watu wa kataa ndoa na lina watetezi wa ndoa. Wote someni mpaka chini, halafu povu ruksa.

Kwanza mnifahamu.

Mimi ni mtu wa Kigoma, nipo Kampala mwaka wa tisa sasa. Ni fundi wa vyerehani, kibanda changu kipo Nateete, nyuma kidogo ya soko. Nguo sishoni, natengeneza mashine zenyewe.

Mshonaji ni mke wangu. Ni Mkongo wa Uvira, alikuja huku na mama yake wakikimbia vita. Hapa nitamwita Mama Rehema, kwa jina la binti yetu.

Tulikutana aliponirudishia cherehani niliyomtengenezea na kuniambia bobini nimeifunga vibaya. Nikabisha. Akakaa, akashona mstari mmoja, akageuza kitambaa akanionyesha uzi ulivyolegea upande wa chini.

Nilikuwa nimeifunga vibaya kweli. Nilianza kumpenda palepale, ingawa kumwambia kulinichukua miezi.

Sasa tuje kwenye mada.

Kiswahili Kampala kipo, ila ni cha kuungaunga. Mteja anakuja anakwambia, "Fundi, machini yangu iko gonjwa." Unaelewa, unacheka naye, kazi inaendelea. Lakini ukikaa miaka mingi unapata njaa ya maneno ya kwenu. Asiyewahi kuishi ugenini hawezi kunielewa hapa.

Jamaa mmoja dereva wa malori, Mtanzania mwenzangu, akaniunga kwenye grupu la simu linaitwa Kambi ya Madume. Mamia ya wanaume, kutoka Uganda, Kenya, Bongo na Kongo.

Kila asubuhi admin anatuma voice note. Tulimwita Kamanda. Wakuu, yule mzee ana Kiswahili. Anaongea taratibu, maneno yamenyooka, unatamani asimalize. Nilikuwa nafungua kibanda huku namsikiliza, sindano naweka mdomoni, kazi sianzi mpaka amalize.

Na nisiwe mnafiki, mwanzoni lilinisaidia. Niliacha bia. Nikaanza kuamka mapema. Kuna mwanachama alifiwa na kaka yake, watu wakamfariji siku nzima. Ni wapi kwingine wanaume wanaambiana "pole ndugu yangu, nipo" bila kuona aibu?

Ila polepole masomo yakabadilika.

Ikawa mwanamume hajielezi. Mwanamume haombi radhi. Usimsifie mke, atavimba kichwa. Usiseme unakokwenda. Tembea kifua mbele, kaa mgongo wima, ongea maneno machache. Na adui akatajwa: feminist. Kila kitu kibaya duniani, kuanzia talaka mpaka chai kuchelewa, kilikuwa cha feminist.

Nikaanza kufanya mazoezi nyumbani.

Wiki ya kwanza nilikaa sebuleni mgongo wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mama Rehema akanitazama, akanitazama tena. Akaingia chumbani akarudi na dawa ya kuchua.

"Baba Rehema, vua shati. Tangu lini mgongo unakuuma na husemi?"

Nikavua shati. Ningemwambia nini?

Tungeishia hapo tungekuwa tunacheka tu. Lakini kuna kituo kimoja Kawempe kinafundisha wasichana ushonaji. Waliona kazi ya mke wangu kwa mteja wake, wakamwita, wakampa barua: wanataka awe mwalimu, siku tatu kwa wiki.

Alikuja kibandani na barua mkononi, jasho linamtoka. Alikuwa ametembea kutoka stendi kwa haraka mpaka kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani. Hajawahi kuitwa mwalimu maisha yake. Shule aliiachia njiani, kwenye kukimbia.

Nikamwambia nitafikiria.

Nikaenda kuuliza grupu. Mnaona ujinga wangu. Mke ninaye mimi, naenda kuuliza watu ambao hawajui hata anafananaje.

Majibu yalimiminika. Kamanda akafunga mjadala kwa voice: "Fundi, leo mwalimu wa Kawempe, kesho mwalimu wako wewe. Mlango wa kuondokea mwanamke huanza kwa safari ndogo za mchana. Ufunge mapema."

Nikaufunga.

Nilimkuta anashona sketi ya sare. Nikamwambia Kawempe haendi.

Akasimamisha mashine. "Juu ya nini?"

"Nimeshasema."

Hakupiga kelele. Aliikunja ile barua mara nne, akaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo, akaendelea kushona.

Kuanzia hapo nilipata mke yule yule niliyeahidiwa kwenye grupu. Chakula kwa wakati. "Ndiyo." "Sawa." "Vile unataka." Haniulizi natoka wapi, haniulizi naenda wapi.

Zamani huyu mama akishona anasimulia. Mteja gani amenenepa anakataa kupimwa upya, jirani gani amegombana na nani, mama yake alifanya nini Uvira mwaka gani. Nilikuwa nalalamika kwamba anaongea sana. Sasa nyumbani ikabaki sauti ya mashine tu. Nakaa namsikiliza anavyokanyaga, natafuta neno la kusema, silipati.

Nikaripoti kwenye grupu kwamba nyumba imetulia. Wakanipongeza. Emoji za simba zilijaa skrini nzima. Nikaziangalia nikiwa nimekaa peke yangu mezani, kwa sababu siku hizo alikuwa ananitengea halafu anakwenda kula na mtoto jikoni.

Yakapita majuma kadhaa.

Halafu asubuhi moja voice ya Kamanda haikuja. Siku ya pili haikuja. Watu wakauliza mara moja moja, kisha wakaanza kubishana mpira. Siku ya nne nikapata ujumbe wake faragha:

"Fundi, nasikia uko Nateete. Mimi niko Lubaga. Kama una nafasi njoo. Njoo peke yako."

Nikapanda boda mchana huo. Sikujua hata kama yupo Kampala. Nilikuwa nimemjengea jumba kichwani, labda Mombasa au Dar.

Nikakuta duka dogo la kanzu na kofia, limefungwa. Nyuma yake chumba kimoja. Nje alikuwepo jirani, mama mmoja Mganda, ameshika bakuli la uji.

"Wewe iko mutoto yake?" akaniuliza. "Mzee iko anakataa kura. Mimi nachoka."

Alimaanisha kula. Nikapokea bakuli nikaingia.

Kamanda ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kofia kichwani, mguu umefungwa plasta mpaka gotini. Aliteleza bafuni akavunjika. Babu zake walikuja Kampala na biashara kutoka pwani, ndiko alikopata kile Kiswahili. Chumba kilikuwa safi upande mmoja, ule ambao mkono unafika akiwa kitandani. Upande wa pili vyombo vilikuwa na siku kadhaa.

"Usiwaambie Kambi," ndilo neno la kwanza alilosema.

Nikaosha vyombo. Nikapika ugali na mayai. Alikunywa uji pia, wote, bila kunitazama. Nilikuwa na hasira naye kidogo na huruma nyingi, na sikujua nifanye nini na hivyo vyote viwili, basi nikapiga deki.

Nikawa naenda kila baada ya siku moja. Mama Rehema hakuuliza naenda wapi. Ndivyo nilivyotaka, si ndiyo?

Safari ya tatu au ya nne, Kamanda akanipa simu yake.

"Andika kitu kwa ajili yangu. Mikono inatetemeka."

Mikono haikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimemuona dakika hiyo hiyo akimenya chungwa vizuri kabisa.

Ana binti, tumwite Zuhura. Alisoma, akapata kazi Mbarara. Mzee akakataa katakata, akasema binti wa nyumba yake halali mji mwingine. Wakagombana. Zuhura akaondoka bila baraka, miaka minne sasa hawajaongea. Mama yake alikuwa amekwishafariki. Kambi ya Madume ilianzishwa mwaka ule ule binti alioondoka.

"Nataka kumwandikia," akasema. "Ila sijui inavyoanza."

Yule mtu aliyekuwa anatufundisha kuongea.

Akaanza kusema, mimi naandika. Ilianza na babu yake, ikapita kwenye wajibu wa mzazi, ikaingia kwenye dunia ya leo. Kiswahili kitamu ajabu. Nikaandika mpaka kidole kikachoka.

"Mzee," nikamwambia, "hii ni hotuba."

"Futa," akasema.

Tukaanza upya. Ya pili ilikuwa na lawama tatu ndani yake. Akaisikiliza nilipomsomea, akatikisa kichwa mwenyewe. Ya tatu ilimwambia kuhusu mguu, akasema hapana, asije kwa kuonea huruma plasta. Tulifuta na kuandika mpaka adhana ya alasiri. Jirani alipita akatuona wanaume wawili tumeinamia simu moja, akadhani tunaangalia mpira.

Mwishowe ikabaki hivi:

"Zuhura mwanangu. Nilikuzuia kazi yako kwa sababu niliogopa utaondoka. Nilikosea. Nisamehe. Baba."

Kubonyeza alibonyeza mwenyewe.

Hakukuja jibu. Tukakaa. Nadhani ili kuua ule ukimya, akaniuliza, "Ile habari ya mkeo na Kawempe iliishaje?"

"Nilimkataza. Kama ulivyosema."

Alivua kofia akaishika mapajani.

"Mimi mkeo simjui," akasema. "Sijui jina lake. Fundi, mbona ulinisikiliza?"

Kiswahili chake, labda. Na mimi mwenyewe, wakuu, nilikuwa naogopa vilevile. Nilimuona na ile barua amefurahi kuliko nilivyowahi kumfurahisha, nikahisi ananiacha nyuma.

"Nenda nyumbani," akaniambia.

Nilimkuta Mama Rehema kwenye mashine. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

Nikamwambia: nilikukataza kwa uoga. Nikamwambia kuhusu grupu, kuhusu mzee wa Lubaga, kwamba nilipeleka habari zake kwa watu baki wakaziamua. Nikamwomba msamaha.

Aliendelea kukanyaga mpaka mshono ukaisha. Akakata uzi.

"Nilishawaambia hapana," akasema. "Walishapata mtu mwingine."

Halafu akasema, "Nililia siku mbili. Nilikuwa nalia hapa hapa. Weye ulikuwa pale, na simu kwa sikio."

Sikujitetea. Hilo ndilo jambo moja nililofanya sawasawa siku hiyo.

Hakunisamehe palepale, wala msifikirie alinikumbatia. Ilipita wiki. Siku moja asubuhi akavaa kitenge chake kizuri, akatoa ile barua kwenye droo, akaniambia, "Mi naenda kuwauliza. Kama unataka kuja, kuja. Lakini usiseme kitu."

Nikafunga kibanda tukaenda Kawempe. Akaingia, mimi nikabaki nje kwenye benchi. Nilikaa pale muda mrefu. Askari wa getini akaniuliza nimekuja kumwona nani, nikamjibu namsubiri mke wangu, mwalimu. Hakuwa mwalimu bado, lakini nilitaka kusikia inavyosikika.

Nafasi kweli ilikuwa imechukuliwa. Walimpa siku moja, Jumamosi, kwa majaribio. Alitoka na uso mkavu, tukatembea hatua kama kumi, ndipo akaanza kunisimulia: darasa lina mashine ngapi, mbili zinasikika vibaya kabisa, mwalimu mkuu anavaa viatu vya namna gani. Akaongea mpaka Nateete. Sikumkatisha hata kidogo.

Sasa ana mwezi wa saba akifundisha. Jumamosi zikawa siku mbili. Zile mashine mbili mbovu nilizitengeneza mimi, yeye akazikagua.

Zuhura alijibu siku ya tisa. Kamanda alinipigia simu badala ya kuandika, akanisomea. Ujumbe wenyewe ulikuwa, "Baba, nani anakupikia siku hizi?"

Amekuja mara mbili toka hapo. Ya kwanza waligombana tena, ya pili walikula pamoja. Ndivyo wanavyokwenda.

Kambi? Kamanda alirekodi voice akawaeleza wote, pamoja na mguu na binti. Wengi sana wakaondoka siku hiyo, wengine na matusi, wakafungua grupu jipya. Tuliobaki hatujai hata ukumbi mdogo. Kila asubuhi anatuma voice bado. Wengi waliotoka ni watu wazuri, nawakumbuka, na najua baadhi yao wanachoogopa ni kile kile nilichoogopa mimi.

Nilichojifunza ni hiki. Kukutana wanaume na kuambiana ukweli ni jambo jema, endeleeni. Ila ukiona kundi linakufundisha kumnyamazisha mtu anayekupenda, jiulize unaogopa nini, halafu umwambie yeye huyo huyo, sio kundi.

Uzi huu Mama Rehema ameusoma kabla sijauweka. Pale kwenye Kawempe nilikuwa nimeandika "nikamruhusu". Akauliza, "Uliniruhusu kama nani?" Nimefuta.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Aliyepita njia hii aseme alitokaje, na anayeona nimelishwa limbwata pia aseme, nitamjibu nikimaliza kutengeneza mashine ya overloki ya mteja.