Maji ya Ziwa Niliyotia Kwenye Rejeta

Nilikosa, na sina wa kumlaumu. Lakini msitazamie niseme nimemsamehe yule mtu, maana hata leo nikimwona nasaga meno.

Nilikuwa fundi wa magari katika shamba la mzungu, nje kidogo ya Nakuru. Dereva wa bwana nitamwita Kiptoo. Gari lilikuwa moja tu, kuukuu, la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na ni mimi niliyeliweka hai. Kila Jumamosi nilisafisha plagi, nikapima oili, nikakaza mkanda wa feni. Kazi ya Kiptoo ilikuwa kushika usukani na kuvaa kofia.

Siku moja akamwambia bwana kwamba naiba petroli yake na kuiuza. Uongo mtupu! Bwana akanipiga kofi pale uani, na baba yake Jebet amesimama anatazama. Mzee huyo alikuwa ameshakubali nimuoe binti yake. Tangu siku hiyo akawa ananiambia tungoje kidogo.

Nilichemka, ndugu zangu! Nikaapa Kiptoo atafukuzwa kazi, na mzee amwone akienda kwa miguu, maana gari likifia njiani wa kulaumiwa ni dereva.

Nikachukua debe nikaenda ziwani. Maji ya Ziwa Nakuru mnayajua, ni magadi matupu, hata ng'ombe hawayataki. Nikawa nayatia kwenye rejeta, pale panapowekwa maji ya kupoza injini, kila nilipoangalia gari, badala ya maji ya bomba. Magadi yakaganda ndani, njia za maji zikaziba. Siku Kiptoo na bwana wanapanda mlima wa Mbaruk kwenda Gilgil, injini ikachemka hadi gasketi ikapasuka. Nilipoona gari linarudi likivutwa na maksai, nilicheka peke yangu karakanani. Utamu ulioje!

Kumbe bwana hakumfukuza mtu. Alikuwa akijiandaa kurudi kwao Ulaya, akasema gari limezeeka, limekufa kifo chake. Akampa Kiptoo liwe zawadi ya kwaheri!

Kiptoo akaja kuniambia atalipeleka mjini, fundi Mhindi alifungue. Fundi yeyote angeona ule ukoko mweupe, angeuliza ni nani aliyekuwa akitia maji.

"Lete hapa, kaka," nikamwambia. "Hilo gari nalijua mimi."

Akainama kidogo. "Asante, fundi. Na vile nilikukosea, sikudhani ungenisaidia."

Nikafanya kazi kama punda. Nikaosha rejeta kwa siki, nikasugua silinda hedi mpaka ikanyooka, nikasaga valvu, nikatia gasketi mpya. Bure, maana ningemdai kwa uso gani? Sijawahi kutengeneza injini vizuri vile. Ilikuwa ikinguruma taratibu, ungedhani imezimwa.

Basi Mwafrika mwenye gari lake mwenyewe, hapa kwetu! Mzee hakungoja tena, akampa Kiptoo binti yake. Siku ya harusi Jebet alitoka kanisani akaketi kiti cha mbele, Kiptoo kwenye usukani. Walipopita karakana, mzee akanipungia mkono kutoka kiti cha nyuma. Akasema injini imetulia kweli, fundi ni fundi.

Sasa Kiptoo huniletea gari kila mwezi nimbadilishie oili, na mimi hubadilisha. Nitakataa niseme nini?

Wewe unayesoma na una kinyongo na mtu moyoni, nisikilize. Mtukane mchana mbele ya watu. Mkikamatana mashati, kamataneni. Lakini usimharibie kitu ambacho utalazimika kukitengeneza kwa mikono yako mwenyewe, halafu ukae unatazama mchumba wako akipandishwa ndani yake.