Sailensi ya Pikapu ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana pikapu ya zamani, ya kabureta, aliyoinunua kabla sijamjua binti yake. Nadhani akilazimishwa kuchagua kati yangu na hiyo pikapu, atanipa nauli ya kurudi kwetu Ngara na kunitakia safari njema. Simlaumu. Pikapu hiyo imebeba mahindi, mihogo, maharage, majeneza na maharusi wa nusu ya Runazi. Mimi nimembebea nini?

Mwaka jana ikaanza kuugua. Barabarani ilikwenda vizuri, lakini ukisimama tu ilitetemeka mwili mzima, ikakohoa, ikazima. Mafundi wetu husema gari la namna hiyo halina sailensi, yaani haliwezi kunguruma likiwa limesimama mpaka ulikanyagie mafuta. Mzee akajifunza kuishi na ugonjwa huo. Kila aliposimama, mguu wa kushoto ulikwenda kwenye klachi, na wa kulia ukajigawa, vidole kwenye breki, kisigino kwenye mafuta, huku amekunja uso kama mtu anayepapasa sarafu chini ya kitanda.

Mama mkwe alivumilia. Halafu Jumapili moja pikapu ikazima njia panda pale Biharamulo mjini, mbele ya watu wanaotoka ibada ya kwanza, na mama akashuka kusukuma akiwa na kitenge kipya na viatu vya kisigino. Alisukuma, akajifuta mikono, akapanda bodaboda, na jioni akatangaza kwamba kiti kile hatakikalia tena.

Tangu hapo safari ya kanisani ikawa msafara: mama mbele kwenye bodaboda, mzee nyuma na pikapu inayonguruma, kiti cha pembeni kitupu. Majirani walicheka, na mimi nilicheka niliposimuliwa, mpaka mke wangu aliponinyamazisha.

"Baba hasumbuliwi na gari," aliniambia. "Anataka mama arudi kwenye kiti."

Tulipokwenda kuwasalimia, nilimkuta mzee kichwa kimezama chini ya boneti. Hata kabla sijamaliza shikamoo, nilikuwa nimekwisha kuutambua ule mlio, kwa sababu nami niliwahi kumiliki kigari cha kabureta kilichonitesa hivyohivyo. Kabureta inapima petroli kulingana na hewa inayopita kwake. Hewa nyingine ikipenya kwa mlango wa uani, petroli inakuwa haba, na injini inaanza kutetemeka. Ukikanyaga mafuta inatulia, kwa hiyo unadhani haina ubovu.

Lakini kwetu mkwe hamkosoi baba wa mkewe. Kazi ya mkwe penye gari bovu ni kushika spana na kusema, "Ndiyo, Baba."

Mzee alianza kwa kuishtaki petroli. Alisema wauza petroli ya chupa wanaitia maji, akaimwaga yote, tukaweka nyingine. Ndiyo, Baba. Ikatetemeka vilevile. Akazigeukia plagi, akazifungua, akazisugua kwa brashi na kuzianika juani kama kahawa. Ndiyo, Baba. Mwisho akakamata bisibisi na kuizungusha skrubu ya sailensi mpaka injini ikanguruma kijiji kizima, na nasema kweli, jirani mmoja alitokea na ndoo ya mahindi akidhani kuna mashine mpya ya kusaga. Ulimi uliniwasha siku nzima.

Nilikuwa nimekwisha kuona penye kidonda. Nyuma ya kabureta kulikuwa na mpira mwembamba wa hewa unaoingia kwenye injini, na katikati yake umezungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli, bandeji juu ya bandeji, vyote vimekauka na kupasuka. Hapo ndipo hewa ilipokuwa ikipenya. Nitasemaje?

Bahati nzuri mzee akanituma nilowanishe kitambaa apangusie mikono. Nilipokileta alikuwa bado anahangaika na skrubu, nami nikakilaza juu ya ile bandeji, kama mtu aliyekosa pa kukiweka. Injini ikatulia papo hapo. Mzee akabaki na bisibisi hewani. Akakiinua kitambaa, ikatetemeka. Akakirudisha, ikatulia. Mimi nilikuwa naiangalia migomba kwa bidii kubwa.

"Nilijua tu ni hewa," alisema.

"Ndiyo, Baba."

Akazima injini, na hapo nilitegemea afurahi, lakini alisita. Akasema labda tungoje kesho. Mke wangu, ambaye hana haja ya kumwogopa baba yake, akachukua kisu na kuikata bandeji mwenyewe. Ndani, ncha mbili za ule mpira zilikuwa zimeunganishwa kwa kipande cha mrija, ile mirija ya unyasi tunayonywea pombe ya mtama kwenye sherehe, nao ulikuwa umepasuka kwa urefu wake. Ulikuwa na uzi mwekundu uliosukwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi mlangoni pa jikoni. Akaja, akautazama.

"Huo ni mrija wangu," alisema.

Kwa wenyeji wa huku mrija si kitu cha kuazimana. Mtu mzima huenda sherehe na wake, na akimaliza anaufuta na kuufunga vizuri kwenye kanga. Huo mama alipewa na marehemu mama yake. Uliposhindwa kuonekana baada ya harusi moja kule karibu na Rusumo, alimshuku wifi yake, dada wa mzee, aliyekuwa amekaa naye penye mtungi mmoja. Tangu hapo wawili hao walisalimiana kwa midomo tu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mzee angeweza kusema lolote. Alipangusa mikono, akaongea huku anaitazama injini. Siku ile, wakitoka harusini, mama alishikwa na malaria kali, akawa analala kwenye kiti na kuweweseka. Mlimani mpira ukakatika na gari likawa linazima kila hatua. Simu haikushika, malori yakapita bila kusimama. Akatafuta kitu chochote chenye tundu, akapekua mpaka kwenye kanga ya mkewe.

"Niliukata ili nikufikishe zahanati," alisema. "Ulipopona ukaanza kuutafuta, nikaogopa. Ulikuwa wa mama yako."

Nilitamani ardhi inimeze, maana hayo si ya mkwe kusikia. Mama aliuchukua mrija, akaingia nao ndani, na mzee akabaki ameinamisha kichwa. Nilimwonea huruma sana.

Nilikwenda kwa fundi wa bodaboda nikapata kipande cha mpira, tukakivalisha. Tukairudisha skrubu. Pikapu ikakaa kwenye sailensi kwa utulivu ambao mzee alikuwa ameusahau, hata akadhani imezima, akazungusha ufunguo tena na stata ikalia kwa uchungu. Mke wangu alicheka peke yake.

Ndipo mama alipotoka. Haikuwa Jumapili, lakini alikuwa amevaa kitenge kilekile na viatu vya kisigino, mkoba begani. Akafungua mlango wa pikapu, akapangusa kiti kwa kiganja, akakaa. Mzee akauliza kwa sauti ndogo wanakwenda wapi.

"Bisibo, kwa dada yako," alisema mama, akiufunga mlango. "Mimi nitamwomba radhi. Wewe utamweleza mrija ulikuwa wapi."