Majina Nyuma ya Picha

Picha ya zamani iliyogandia kwenye nailoni ina sauti yake ukiibandua. Inalia kama ngozi ya kuku inayochunwa, polepole, nawe unabana pumzi usije ukaondoka na uso wa mtu. Sauti hiyo niliisikia mwezi uliopita, hapa kwangu Nachingwea, nikiibandua kwa mikono hii iliyobeba magunia ya korosho tangu sijaota ndevu.

Nisiwafiche. Shule niliishia darasa la tatu. Nyumba hii ya matofali, mashine ya kusaga ya hapa na ile ya Ruangwa, sikupewa na mtu. Watu husema mzee huyu hajui kushindwa. Hawakuwepo siku hiyo.

Aliyekuja ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Atija, Mmakua wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Alikuwa Nambilanje kuvuna ufuta, akasikia kwenye mashine yangu ya Ruangwa kwamba mwenye mashine mama yake alikuwa Mmakua, na ana picha ya wajomba zake waliokwenda vitani. Akapanda gari akaja. Babu yake, baba wa mama yake, aliitwa Mwarapa. Aliondoka Chiola, kijiji cha huku kwetu, na ndugu zake kwenda kupigana na Mreno, mkewe akiwa na mimba. Hakurudi. Mtoto wa mimba ile ndiye mama yake Atija. Sasa ni bibi mwenye wajukuu, na uso wa baba yake hajauona hata kwenye karatasi.

"Mjomba, sitaki kitu," Atija akaniambia. "Nionyeshe tu Mwarapa ni yupi."

Siku picha ile inapigwa nilikuwepo. Nilikuwa darasa la kwanza. Wajomba wanne, wengine tumbo moja na mama, wengine wa mama yake mkubwa (kwetu hatubagui), walitoka Chiola kwa miguu hadi mjini wakapigwe picha kabla ya kwenda. Mashati mazuri yalikuwa mawili tu. Wenye mashati wakakaa mbele, wasio nayo wakasimama nyuma, vifua vimefichwa. Mpiga picha akawakataza kucheka. Mmoja akamjibu, "Wewe fumba hilo jicho lako, meno ni yangu." Wakaangua kicheko wote, na ndivyo walivyotoka.

Picha ilipokuwa tayari wenyewe walishaondoka. Mama akanikalisha jamvini, akanipa kalamu ya risasi. Yeye hakujua kusoma. Msomi wa nyumba nilikuwa mimi. "Andika nyuma, mmoja mmoja," akasema. "Mimi nataja." Akaweka kidole juu ya kila uso, akataja jina, taratibu, kama mtu anayehesabu mayai. Nilishangaa. Sikuwahi kumsikia akiwataja. Siku zote aliwaita kaka.

Sasa jamani, juma lilelile nilikuwa nimechapwa. Nilimtaja bibi kwa jina mbele ya wageni, mama akanishushia mwiko wa ugali mgongoni: "Jina la mkubwa utalitaja wewe? Umemzaa?" Mgongo ulikuwa bado unawasha, na mtoto mwenye akili hachapwi mara mbili kwa kosa moja. Mama alipotaja jina la kwanza nikaandika kwa adabu, vilevile kwetu tunavyotamka mjomba: NJOMBA. La pili, NJOMBA. Mara nne.

"Umeandika nilivyosema?"

"Ndiyo, mama."

Akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaitia kwenye nailoni. "Sasa hawapotei."

Walipotea wote wanne. Mama aliishi miaka mingi baadaye, na mtu akimwuliza habari za kaka zake alielekeza kidevu kwenye sanduku la bati: "Majina yapo. Mwanangu aliyaandika." Nami nimekaa palepale, mtu mzima, najua kilichoandikwa. Ilikuwa ni kusema tu, mama, nitajie tena. Sikusema. Niliona aibu msomi wake aonekane mjinga. Nikasema kesho, nikasema msimu wa korosho ukiisha, na korosho haina mwaka usio na msimu. Tulimzika akiwa ameridhika.

Atija akaigeuza picha, akasoma kwa sauti. "Njomba. Njomba. Njomba. Njomba." Akanikazia macho kama mtu aliyefanyiwa utani msibani. "Ndiyo majina yao haya?"

"Niliandika mimi. Nilikuwa mtoto."

"Lakini uliwaona."

Niliwaona. Huyu alinichongea pia ya kuchezea. Huyu alikoroma mpaka kuku wakashtuka. Huyu ndiye wa meno ni yangu. Huyu wa nyuma alinivusha mto begani. Hata majasho yao naweza kuyabagua. Majina, hakuna.

"Babu yako alikuwa na alama gani?" nikamwuliza, nikitafuta pa kushika.

"Mjomba, mimi ndiye niliyekuja kuuliza."

Shetani akaniambia nyoosha kidole. Huyu wa kulia, mwenye sura nzuri, nani atabisha? Kidole kikanyanyuka kweli. Nikamwona akilini mama yake, yule bibi wa ng'ambo, akiwaonyesha wajukuu zake baba asiye wake, nikakirudisha.

Ndipo nikaelewa, kwa uzee huu. Mama aliyenichapa kwa jina moja alikaa jamvini akataja manne. Hakuwa amesahau adabu. Alijua kaka zake hawarudi, na kwamba yuko mtu ambaye hajazaliwa atakuja kuwaulizia. Mimi nililinda mgongo wangu, nikadhani ni heshima.

Atija akapiga simu, akaongea Kimakua harakaharaka, kisha akanipa. Sauti ya mama yake ilikuwa nyembamba, inapotea na kurudi.

"Kaka yangu, wameniambia yuko hapo. Ni yupi?"

Nikaitazama ile picha. Nilikuwa na wajomba wanne mkononi, wanacheka, na sikuwa na baba hata mmoja wa kumpa.